Mteremko Wenye Miti Pande Zote Mbili

Kwa miaka ishirini na sita, kila mwezi wa tatu, Roswitha Kranebitter na rafiki zake wawili walifunga skii zao za kutelezea theluji juu ya gari wakaenda siku tatu milimani, bila waume, bila watoto, bila mtu wa kuwauliza soksi zake ziko wapi. Walikuwa Roswitha mshonaji, Hedi wa posta na Gerlinde mkunga, wote wa Schwaz, huko bonde la mto Inn ambako mtoto hufundishwa kuteleza kwenye theluji kabla hajajua vizuri kufunga kamba za viatu.

Utaratibu wao ulikuwa mmoja tu. Kila mwaka mmoja wao huchagua mlima wa kwenda, kwa zamu, na wawili waliobaki hunyamaza. Mwaka mmoja Hedi aliwapeleka mahali mvua ikawanyeshea siku zote tatu, wakacheza karata mpaka karata zenyewe zikalainika kama vitambaa. Mwaka mwingine Gerlinde aliwavusha mpaka wa Uswisi, mahali penye jina kubwa, na kahawa ya huko ilikuwa na bei ya kumtoa mtu machozi, basi wakanunua kikombe kimoja wakakizungusha kama wagonjwa wanaogawana dawa. Hakuna aliyelalamika. Au tuseme Hedi alilalamika, lakini Hedi hulalamika hata jua likichomoza.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Roswitha, na Roswitha alikuwa anapoteza macho.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alizaliwa juu ya duka la kushonea la mama yake, akaanza kushikiza vifungo akiwa na miaka saba, na duka likawa lake mama alipochoka. Aliolewa na dereva wa lori, wakaachana bila ugomvi, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Veit, ambaye sasa anaishi Linz. Alishona mapazia, alishona magauni ya harusi, na kila majira ya baridi alirekebisha nguo za theluji za mji mzima: zipu zilizong'oka, magoti yaliyopasuka, suruali zilizombana mtu aliyekula vizuri Krismasi. Ukisimama chini ya mlima wowote wa jirani ukawaangalia watu wanavyoshuka, nusu yao walikuwa wamefungwa na zipu za Roswitha.

Kisha, majira ya kuchipua, miaka miwili kabla ya hapo, mshono ulianza kumpotea. Akiutazama uzi, uzi haupo. Akitazama pembeni kidogo, uzi huo hapo. Alibadilisha taa, akabadilisha miwani, akailaumu cherehani. Daktari wa macho kule Innsbruck alimweleza kwa upole kwamba tatizo liko katikati ya jicho, macho yote mawili, kwamba sindano zingepunguza mwendo wa ugonjwa lakini zisingerudisha kilichokwisha kwenda, na kwamba kuona kwa pembeni kungebaki. Ndivyo ilivyokuwa. Akimtazama mtu, uso unafutika, masikio yanabaki. Wateja aliwaambia mapema: "Ukiona nakukodolea sikio, usijishike ukadhani lina uchafu. Ndivyo ninavyokuona."

Mwezi wa tatu wa mwaka uliotangulia alikwenda na wenzake kama kawaida. Siku ya pili wingu lilishuka, theluji na mbingu vikawa kitu kimoja cheupe, na katikati ya mteremko Roswitha hakujua tena kama anakwenda au amesimama. Akakaa chini pale pale. Nusu saa baadaye watu wa uokoaji walimfunga kwenye machela ya kuteleza, wakamteremsha amezongwa mablanketi kama kifurushi, na pale chini watoto wa shule ya skii wakampigia makofi.

"Umepata teksi ya bure," Hedi alimwambia, na walicheka wote, yeye akiwamo.

Lakini aliporudi nyumbani alizipeleka skii zake chumba cha chini, akazifunika kwa pazia kuukuu, na hakumwambia mtu.

*

Basi Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, baada ya chakula cha mchana, walikutana jikoni kwa Roswitha kama ilivyokuwa desturi. Gerlinde alileta keki ya tufaha. Hedi alileta ramani za kila mlima alioweza kupata, akazitandaza mezani mpaka sahani zikakosa pa kukaa.

"Haya, malkia," Hedi alisema. "Zamu yako. Toa amri."

Roswitha alikuwa amekwisha kuamua tangu Krismasi. Alilitaja eneo moja kubwa la juu kabisa, kule kwenye barafu isiyoyeyuka hata wakati wa kiangazi, lenye miteremko mirefu, mikali, myeupe mwanzo hadi mwisho, mahali ambapo Hedi alikuwa akipaota miaka mingi.

Hedi hakupiga kelele za furaha. Aliweka uma chini.

"Huko juu hakuna mti hata mmoja," alisema. "Hakuna hata kichaka. Ni kama kuingia ndani ya kikombe cha maziwa. Wewe huko utatelezaje?"

"Mimi nitakaa mgahawani," Roswitha alijibu, akimwaga kahawa huku kidole chake kikiwa ukingoni mwa kikombe ili ajue kimefika wapi. "Wana kibaraza cha jua na viti vya kulala. Nitakula, nitaota jua, nyinyi mtashuka mpaka miguu iwaume. Jioni mtanisimulia."

"Kwa hiyo umechagua kwa ajili yetu."

"Nimechagua. Zamu ni yangu, nimechagua, nyinyi mnyamaze. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Tulikubaliana mtu achague anapotaka yeye!" Hedi alisimama, na sauti yake, iliyozoea kufukuza mbwa wa watu kwa miaka thelathini akiwa na mfuko wa barua begani, ikagonga masufuria ukutani. "Hatukukubaliana mtu ajichagulie kiti cha kulala kama bibi wa miaka tisini! Unatupa zawadi tusiyoiomba, halafu tukushukuru? Sikushukuru hata kidogo."

"Hedi, kaa," Gerlinde alisema.

"Sikai! Nikikaa nitasema maneno mabaya."

Akachukua koti lake, akasahau ramani zake, akaondoka. Walimsikia akigombana na mlango wa chini uliokuwa mgumu kufunguka, na mlango ukashinda mara mbili kabla hajatoka.

Roswitha alibaki na birika mkononi. Hakulia, maana hakuwa mtu wa kulia mbele ya keki.

"Sasa nimekosea nini?" aliuliza.

Gerlinde hakumjibu haraka. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Miaka thelathini na mbili ya kuwakalia wanawake wenye uchungu usiku kucha ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akiwa na maumivu humpi mawaidha, unamuuliza maswali madogo madogo yenye majibu.

"Niambie," alisema, "ukiangalia dirishani sasa hivi unaona nini?"

"Usinichezee, Gerli."

"Sichezi. Unaona nini?"

Roswitha aligeuza kichwa pembeni kidogo, kama kuku anayekagua punje. "Naona mwanga. Naona ukuta wa kanisa, ule upande wenye kivuli. Mti wa jirani nauona vizuri, kwa sababu ni mweusi na nyuma yake ni kweupe."

"Mti unauona vizuri."

"Mti ndiyo. Kitu cheusi juu ya kitu cheupe nakiona, nisipokitazama katikati."

"Na ukiwa na mti mweusi kushoto na mwingine kulia, na mbele yako mtu aliyevaa rangi kali?"

Gerlinde akakata kipande kingine cha keki, akakiweka kwenye sahani ya mwenzake.

"Mimi magoti yangu yana miaka sitini na moja," alisema. "Hiyo barafu ya huko juu naitaka kama ninavyotaka jino jipya. Hedi anaiota, sawa, lakini Hedi huota vitu vingi, aliwahi kuota ameolewa na mfalme. Hebu tuchague upya. Wewe unahitaji nini? Anza kuhesabu."

Wakaanza, na jambo lililoanza kama dawa ya kumtuliza mtu likageuka kazi ya kweli. Msitu pande zote mbili, ili ukingo wa njia uonekane. Mteremko mpana, ili kukosea kidogo kusiwe kuumia. Njia moja isiyokatizwa na nyingine, kwa sababu hatari kubwa haikuwa mlima bali watu wanaochomoka ubavuni. Jua la asubuhi, kwa kuwa jua la pembeni hutupa vivuli na vivuli humwonyesha hata asiyeona vizuri wapi pana tuta. Lifti ya viti, inayompandisha mtu mlimani akiwa ameketi, si ile ya kuburuzwa kwa fimbo. Na siku za katikati ya wiki, shule zikiwa wazi.

"Mahali pa hivyo hapapo kwenye hizi ramani zenye rangi," Roswitha alisema.

"Basi tupige simu."

Ofisi za milimani zilikuwa zimefungwa Jumapili hiyo, hivyo Roswitha alipiga Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano. Kila alikopiga walimjibu kwa adabu. Walimtajia kilomita za miteremko, idadi ya lifti, kina cha theluji kwa sentimita. Alipouliza, "Na miti iko upande gani?" simu zilikuwa zikinyamaza. Kijana mmoja alimwambia angemtafutia mtu wa kumjibu, akamwekea muziki wa matarumbeta kwa dakika kumi na moja, kisha simu ikakatika.

Siku ya nne alijaribu Hinterlahn, kijiji ambacho mama yake aliwahi kumpeleka mara moja akiwa msichana. Kulikuwa na lifti mbili za viti na mgahawa mmoja. Simu iliita muda mrefu.

"Lifti za Hinterlahn, Zita hapa, sema haraka, nina foleni." Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, kavu kama mkate wa juzi.

"Samahani, mama. Nataka kujua kuhusu miti."

"Miti gani?"

"Ya kando ya mteremko. Macho yangu yameharibika. Nikiwa na miti pande zote mbili naweza kujaribu kushuka."

Upande wa pili ulisikika mlio wa kiti kikisogezwa. "Ngoja," yule mama alisema, na kwa sauti nyingine akaelekea dirishani kwake: "Bwana, subiri kidogo, mlima haukimbii." Kisha akarudi. "Sikiliza, mwanangu. Mteremko wa lifti ya kwanza usiuguse, huo ni wazi kama kipara cha mume wangu. Wa pili ndio wako. Misonobari kushoto, misonobari kulia, toka juu hadi chini. Upana wake mtu anageuza lori. Kuna pahali pamoja tu pabaya, baada ya kibanda cha nyasi, njia inapinda mkono wa kulia na chini yake kuna tuta. Ukishapita hapo, tambarare. Jua linaingia saa mbili na nusu asubuhi, linatoka saa saba. Jumatano na Alhamisi hapana mtu isipokuwa mbwa wa mwenye mgahawa, na huyo ana adabu kuliko watalii."

Roswitha alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. "Umeyajuaje yote hayo?"

"Nimekaa kwenye kidirisha hiki miaka arobaini na minne. Sasa unakuja au huji? Nina foleni."

"Nakuja," Roswitha alisema. Alipokata simu alikaa kwanza. Kisha akashuka chumba cha chini, akaliondoa lile pazia, akapitisha kidole kwenye ukingo wa skii moja. Ulikuwa na kutu.

*

Hedi alirudi Jumamosi. Hakupiga kengele, alibisha kwa teke, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki na chungu cha supu ya madonge ya maini, ambayo kwa Hedi ilikuwa ndiyo njia ya kuomba radhi bila kutamka neno.

"Nimesikia umechagua upya," alisema. "Gerlinde kaniambia. Hinterlahn. Mahali pa watoto na mbuzi."

"Ukitaka kulalamika, lalamika."

"Silalamiki. Fungua mfuko."

Ndani mlikuwa na vizibao viwili vya manjano vyenye madoa matatu makubwa meusi, vile vinavyovaliwa na watelezaji wasioona na wale wanaowaongoza.

"Umevipata wapi?"

Hedi alivua buti moja, kisha la pili, polepole kuliko ilivyohitajika. "Kuna chama kule Innsbruck. Wanafundisha watu kuongoza. Nimekuwa nikienda Jumamosi tangu mwezi wa kumi na moja. Nimebakiza mtihani mmoja."

"Tangu mwezi wa kumi na moja?" Roswitha alirudia. "Kabla ya ile siku ya ramani?"

"Ndiyo sababu nilikasirika, mjinga wewe! Mimi naamka alfajiri Jumamosi, siku yangu ya kulala, najifunza kupiga kelele za kushoto na kulia, halafu wewe unanichagulia kiti cha kulala juani! Na mazoezi ya nyumbani nilifanya na Lois. Nilimziba miwani kwa utepe wa gundi, maskini mume wangu, nikamwambia niamini. Kaingia kwenye uzio wa theluji, uzio umeanguka, yeye yumo ndani anauliza, 'Hedi, nigeuke kushoto bado?'"

Roswitha alicheka mpaka akashika meza. Na katikati ya kicheko machozi yakaja, yale aliyoyazuia wiki nzima, na Hedi akakaa kando yake akimpigapiga mgongoni kwa mkono mzito wa mtu anayetoa vumbi kwenye zulia.

"Mbona hukuniambia?"

"Je, kama ningeshindwa? Ulitaka nikuambie nimefeli kupiga kelele? Mimi?"

Roswitha alikishika kizibao kimoja, akakipima kwa vidole. "Kimeshonwa vibaya," alisema akipangusa pua. "Bega hili litafumuka siku ya kwanza. Niletee lile sanduku la nyuzi."

Akakifumua, akakishona upya mbele ya Hedi, kwa mkono, bila kukitazama.

*

Walifika Hinterlahn Jumatano ya pili ya mwezi wa tatu. Zita alikuwa kwenye kidirisha chake, mwanamke mdogo wa miaka sabini na kitu, mwenye kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi. Aliviona vizibao, akasema tu, "Mwenye miti," akawapa tiketi, kisha akapiga simu juu na chini kuwaambia wa lifti wapunguze mwendo wa viti wakimwona mama wa manjano.

Kule juu jua lilikuwa limeingia. Roswitha alisimama, akageuza kichwa pembeni, na msitu ukajitokeza: ukuta mweusi mkono huu, ukuta mweusi mkono ule, na katikati weupe unaoteremka. Alitamani sana kusema, kahawa kwanza.

"Mimi mbele," Hedi alisema. "Wewe mita tano nyuma yangu. Gerlinde nyuma yako, mtu yeyote akikukaribia anampiga fimbo."

"Simpigi mtu fimbo," Gerlinde alisema.

"Basi mtishe. Tayari? Twende! Kushoto... kushoto... na sasa kulia... kulia... vizuri..."

Mita hamsini za kwanza zilikwenda. Kisha Hedi, kwa wasiwasi wake, akageuka ili amwone mwenzake, akawa anateleza kinyumenyume huku akiendelea kuita, na kushoto kwake sasa ilikuwa kulia kwa Roswitha. "Kushoto!" alipiga kelele akinyoosha mkono. "Kushoto! Si huko! Huko kwingine!" Roswitha aliingia kwenye theluji laini ya pembeni, ikamfika kiunoni, akasimama humo wima kama mshumaa kwenye keki.

Hedi alishusha mkono aliokuwa ameunyoosha.

"Sasa namwelewa Lois," Roswitha alisema kutoka ndani ya theluji.

Gerlinde alicheka hadi akalazimika kukaa. Walimchimbua, wakampangusa, na Hedi akaapa kwa marehemu mama yake kwamba hatageuka nyuma tena. Hakugeuka. Safari ya pili walikwenda polepole, wakisimama mara sita. Ya tatu walisimama mara nne. Kwenye kibanda cha nyasi Hedi alikuwa akianza kutangaza mita mia kabla: "Tuta linakuja, tuta linakuja, kunja magoti, sasa!" Na Roswitha alikunja, tuta likampita chini ya nyayo kama mgongo wa mnyama, na hakuanguka.

Hadi saa sita mchana miguu yake ilikuwa imeanza kukumbuka yenyewe. Alikuwa amesahau kwamba kuteleza hakukuwa kwa macho tu, kwamba kila kitu kilikuwa pale pale chini ya unyayo: theluji ngumu inakwaruza, iliyolainika inanong'ona, na mlima unapozidi kuinama unakuambia kwenye vidole vya miguu kabla ya yote.

Alhamisi theluji ilianguka tangu asubuhi, nzito, na msitu wenyewe ukafichika. Hawakujaribu. Walikaa mgahawani karibu na jiko la vigae, wakala viazi vya kukaanga na mayai, na yule mbwa mwenye adabu akalala juu ya soksi za Gerlinde. Mchana Zita alifunga kidirisha chake mapema, akaja kukaa nao. Zipu ya koti lake ilikuwa imekwama nusu, akawa analivua kwa kulipitisha kichwani kama fulana.

"Tangu lini iko hivyo?" Roswitha aliuliza, aliposikia anavyohangaika.

"Miaka mitatu. Nimezoea."

"Lete hapa."

Alitumia koleo la jikoni, sabuni kipande na robo saa. Zipu ikapanda na kushuka bila kukwama. Zita aliipandisha, akaishusha, akaipandisha tena, kama mtoto aliyepewa kengele.

"Kesho jua litarudi," alisema hatimaye. "Trekta litasawazisha theluji usiku. Lifti inafunguliwa saa tatu. Nyinyi njooni saa mbili na nusu, mume wangu na vijana wake watakuwa wanaijaribu hata hivyo. Mteremko wote utakuwa wenu mpaka hiyo saa tatu."

"Inaruhusiwa?" Gerlinde aliuliza.

"Nani ataniuliza?" Zita alisema. "Miaka arobaini na minne."

Na kweli, Ijumaa mbingu ilikuwa imesafishika. Walipanda watatu kwenye kiti kimoja, skii zao zikining'inia juu ya misonobari iliyobeba theluji mpya. Kule juu theluji ilikuwa imechanwa mistari mistari na trekta, haijakanyagwa na mtu, na jua la pembeni lilikuwa likiingiza vivuli vya miti hadi katikati ya njia, mstari mweusi, mstari mweupe.

"Leo hatusimami," Roswitha alisema. "Ukiweza kupiga kelele mfululizo."

"Mimi?" Hedi alisema. "Nimezaliwa kwa kazi hiyo."

Wakashuka. Hedi mbele akiita, doa la manjano likicheza kwenye ukingo wa jicho la Roswitha, likipotea anapolitazama na kurudi anapoliacha. Kushoto, kushoto, kulia, vizuri, kulia. Nyuma yake alisikia skii za Gerlinde, sauti ile ile iliyomfuata kwa miaka ishirini na sita. Baridi ilimuuma mashavu. Kibanda cha nyasi kikapita, tuta likapita, na pale tambarare Hedi akaacha kusema kushoto na kulia, akapaza sauti: "Mbele yako pako wazi! Nenda! Nenda tu!" Na Roswitha akaziachia skii ziende, kasi ambayo hakuwa ameionja kwa miaka miwili, upepo ukimjaa kinywani kwa sababu alikuwa amekifungua, anacheka au anapiga ukelele, hata yeye mwenyewe hakujua.

Chini, alisimama. Moyo wake ulikuwa ukigonga kama cherehani. Wenzake walimfikia, mmoja huku, mmoja huku, wote wakihema.

"Asanteni," alisema.

"Ah, acha," Hedi alisema, sauti imemkauka kabisa.

"Siachi. Ngojeni nimalize. Miezi mingi nimekuwa nikifikiri namna ya kuwaondolea mzigo. Nilidhani huko ndiko kuwapenda. Wewe Hedi umenipa Jumamosi zako zote. Gerli umenipa maswali yako, na umekaa nyuma yangu siku mbili ukienda mwendo wa kobe, nawe bado una nguvu za kuruka. Sina cha kuwalipa. Nataka tu mjue kwamba nimewaona."

Gerlinde alivua glovu, akamfuta pua kwa kidole gumba kama anavyowafuta wazazi wapya. "Tumekusikia," alisema. "Tuna dakika kumi na tano kabla watu hawajaja. Twende tena?"

Wakaenda tena.

Macho ya Roswitha hayakupona. Majira ya baridi yaliyofuata hata miti ilikuwa imeanza kufifia, na duka alilikabidhi kwa msichana aliyekuwa akimfundisha, yeye akibaki kufanya zipu na kushikiza vifungo kwa kupapasa. Lakini Hedi alifaulu mtihani wake, na sasa anaongoza watu wengine wawili wa kile chama, ambao huomba apunguze sauti. Roswitha huenda nao Jumamosi akipenda. Kila Krismasi hutuma Hinterlahn boksi la biskuti za asali alizooka mwenyewe, na kadi anayomwagiza Veit amwandikie kwa herufi kubwa. Mwaka jana Veit alimuuliza huyo Zita ni nani hasa, ni ndugu yao wa upande gani.

Roswitha alimsogezea kalamu.

"Andika tu," alisema. "Mwandikie kwamba tunakuja mwezi wa tatu, na aniulizie mume wake kama miti yote bado imesimama."